Mipira ya Vioo vya Lori la Baba Rehema

Naikumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, nimepanda lori la mume wangu tukipeleka nazi Kilindoni, maji yakaanza kunidondokea magotini. Mvua yenyewe haikuwa ya kutisha, manyunyu tu. Mpira unaoshika kioo cha mbele ulikuwa umekaushwa na jua na hewa ya chumvi ya huku kwetu Mafia, ukapasuka kwenye kona. Mume wangu Athumani, niliyemwita Baba Rehema kwa jina la binti yetu, alinitupia kitambaa huku akicheka.

"Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi!"

Nami nikacheka, nikasogeza miguu upande mwingine.

Lori lile lilikuwa kuukuu. Aliachiwa na baba yake, Mzee Bakari, macho ya mzee yalipochoka. Ndilo lililotulisha: likishusha nazi na korosho kutoka Kirongwe, likirudi na mchele na saruji. Baba mkwe alipoiona ile kona alipitisha kidole, akakitazama kile kidole kilivyotoka na kutu.

"Athumani, badilisha mipira yote miwili, ya mbele na ya nyuma. Na hilo la pakacha usilitanie. Hapa wewe si mchukuzi, wewe ndiye pakacha."

"Inshallah baba, msimu wa korosho ukiisha."

Msimu ukaisha, ukaja mwingine. Aliziba kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, akaziba kwa lami. Ufa ukihamia pengine, naye akauhamia. Wahenga walisema mdharau mwiba guu huota tende, lakini nani huwakumbuka wahenga wakati gari linawaka na kwenda?

Maji yalipoingia kwenye nyaya, taa zikafa, ndipo akaagiza mipira mipya. Ikaja kutoka bara na boti ya Nyamisati. Tulianza na kioo cha nyuma. Akauvika mpira kwenye kioo, akapitisha kamba ndani ya mfereji wake, akapaka maji ya sabuni. Yeye nje anasukuma kwa viganja, mimi ndani navuta kamba taratibu, na mdomo wa mpira ukawa unaukumbatia ukingo wa bati inchi kwa inchi mpaka kioo kikakaa. Alivyofurahi! Alikigonga kwa vidole kama mtu anayechagua dafu.

Kisha akakata mpira wa mbele kwa kisu. Ukingo wa chini wa bati ukamegukia mkononi mwake, mwanangu. Kutu tupu. Maji ya miaka yote yale yalikuwa yamelala humo. Fundi wa kuchomelea aliitwa, akajaribu, na kila alipogusa kwa moto pakatoboka.

"Kaka, hapa hapana bati la kushika," alisema. "Lazima likatwe lote, liundwe upya. Usilitembeze hivi."

Lakini nazi zilikuwa zinasubiri. Athumani akauvika mpira mpya juu ya chuma kilichooza. Mimi nikavuta kamba. Kwa macho, kioo kilipendeza kuliko siku lori lilipokuwa jipya.

Kilianguka njiani, gurudumu lilipoingia shimoni. Kilimwangukia yeye, akakinga kwa mkono wa kulia. Hospitali walimshona, lakini vidole havikukunjika tena kushika usukani. Lori likabaki uani, majani yakalipanda. Kila asubuhi aliingia akakaa humo. Aliishi hivyo miaka, hadi tukamzika, na sikumsikia tena akitania.

Siku moja, Athumani angali hai, nilimlalamikia baba mkwe kwamba Mungu ametunyang'anya. Alinikemea.

"Usimsingizie Mungu, mwanangu. Mliona maji, mkahamisha miguu. Hata mimi nilisema, nikanyamaza, nikiogopa kuitwa mzee msumbufu."

Kisha akalia.

Sikuambii haya ili nikupoze moyo. Yako mambo yakiharibika hayarudi, na atakayekuambia yote hutengenezeka anakudanganya. Ninachokuomba ni hiki: dogo liseme likiwa dogo, iwe ni homa ya mtoto isiyoisha, au ukimya wa mwenzio mezani. Ukisema usisikilizwe, sema tena. Usione haya kuitwa msumbufu. Na ukikuta limeshaoza, kubali kuwa limeoza. Usilipambe ukampandisha humo umpendaye.

Mwenyezi Mungu akujalie jicho la kuona mapema na ulimi usiochoka, akuzeeshe pamoja na uwapendao, wote mkiwa wazima. Amina.