Siku Mama Aliposema Hana Mtoto

Tangazo lilisomwa kanisani: serikali inaandikisha wazee wanaoishi peke yao, wapewe msaada kila mwezi. Nikamfuata mama kijijini kwake Makobola kwa pikipiki, nimpeleke akaandikishwe. Tangu baba afariki, aliishi peke yake. Nilishamwomba ahamie kwangu Uvira, akakataa katakata. Alisema nyumba isiyowashwa moto hubomoka.

Ofisini tulikaa kwenye foleni tangu asubuhi. Zamu yake ilipofika, nilisimama nyuma yake nikiwa nimemshikia kadi yake ya uchaguzi.

"Mama, uko na batoto?" ajenti aliyekuwa akiandikisha aliuliza.

"Hapana. Siko na mutoto."

Nilidhani sikusikia vizuri. Mimi ndiye binti yake wa pekee.

"Na huyu je?"

"Ni jirani. Amenisindikiza tu."

Kabla sijajua ninasema nini, nilikuwa ninapiga kelele: "Mama! Si minye mutoto yako? Si weye ulinizaa?"

Ajenti alinitazama, akamtazama mama, kisha akapiga mstari juu ya jina la mama kwenye orodha. "Lisiti hii ni ya wazee ambao hawana muntu wa kubasaidia," alisema.

Nje, nilimshika mkono. "Mama, unanikana mbele ya watu?"

Hakupandisha sauti. "Nilipougua homa, jirani ndiye alinipikia uji. Weye ulikuwa wapi?"

"Hukuniambia!"

"Nilikutumia habari mara mbili."

Ni kweli. Mwuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, aliniletea habari zile sokoni, nami nikajibu nitakwenda Jumamosi. Jumamosi ikapita, na nyingine, nikasahau kabisa.

Nilirudi ndani mbio kumsihi ajenti. Akatikisa kichwa: jina lililofutwa haliandikwi tena. Nilipotoka, mama alikuwa amekwisha kupanda pikipiki ya kukodi, ameondoka bila kuniaga.

Msaada ulipofika, jirani yake yule wa uji, mjane asiye na mtoto, aliupata. Mama hakupata kitu. Siku hizi ninashuka Makobola kila wiki, tunapalilia mihogo pamoja, tunaongea habari za mvua na za ndugu. Ya ofisini hatujayagusa. Bado ninaogopa kumwuliza kama siku ile alitaka msaada tu, au alikuwa anasema ya moyoni.