Siku Baba Aliposimama Kumdhamini Mume Wangu

Mume wangu alikuwa fundi cherehani pale Bunda, na kosa aliloshtakiwa nalo ni kukutwa na katoni nne za sabuni chini ya kitanda chetu. Leo mtu akisikia hivyo anacheka. Miaka ile sabuni haikuonekana dukani; tulifulia majani ya mpapai, na aliyekutwa na sabuni nyingi aliitwa mlanguzi. Polisi walikuja mchana, wakaenda moja kwa moja kitandani bila hata kufungua kabati.

Mahakama ya Musoma ilimpa dhamana kwa masharti: asitoke Bunda isipokuwa kwa kesi, na aripoti polisi kila Jumatatu. Tukayazoea. Kisha ikaja habari kutoka kijijini kwao Bugwema kwamba mama yake ni mgonjwa, hali chakula tena, na anamwita. Mume wangu akaandika barua kuomba masharti yabadilishwe, tukapangiwa siku.

Baba yangu mzazi alisema atatusindikiza. Alikuwa balozi wa nyumba kumi mtaani kwetu, mtu wa kanisani, si wa maneno mengi. Nilifurahi mno, hata shati lake nikalipiga pasi mwenyewe.

Mwendesha mashtaka alipinga ombi letu. Alisema mshtakiwa akiachiwa atoke Bunda atavuka mpaka. Hakimu akauliza kama yupo mdhamini wa kuongeza, mtu anayeheshimika. Baba akasimama.

"Unamfahamu vipi mshtakiwa?"

"Ni mkwe wangu, Mheshimiwa."

Hakimu alikuwa ameshaanza kuandika, mwendesha mashtaka akainuka haraka. "Mheshimiwa, huyu hawezi kumdhamini. Ni shahidi wetu. Ndiye aliyeleta taarifa ya sabuni."

Nilidhani amekosea mtu. Nikamtazama baba, nikingoja akane. Akashika ukingo wa benchi, akasema taratibu, "Ni kweli."

Wiki moja kabla ya polisi kuja, nilikuwa nimemwita baba chumbani, nikavuta katoni moja mbele yake, nikampa mche wa sabuni ampelekee mama. Mikono yangu hii hii. Mume wangu kizimbani hakugeuka, ila niliona shingo yake imekakamaa.

"Kuna mwingine?" hakimu akauliza.

Sijui nani aliniinua. "Mimi, Mheshimiwa."

"Wewe ni nani?"

"Mke wake." Nikamnyooshea baba kidole. "Na huyo mzee ni baba yangu."

Hakimu aliweka kalamu chini, akatutazama wote watatu kwa zamu. Halafu akatoa uamuzi: wiki mbili Bugwema, na Jumatatu aripoti kwa katibu kata badala ya polisi. Nikasaini, kalamu ikichana karatasi.

Nje, baba alinifuata. "Mama, polisi walikuja wanataka majina ya walanguzi. Wakasema balozi asiye na jina hata moja ndiye anayeficha. Mimi sijawahi kuidanganya serikali."

"Ukataja nyumba yangu?"

"Sabuni niliiona kwako tu, mwanangu."

Nilikaa pale pale chini, kwenye vumbi, na kitenge changu kizuri.

Mama mkwe alifariki siku ya tisa, mwanawe kamshika mkono. Baba alikuja mazishini, akasimama mbali na wanafamilia. Mume wangu ndiye aliyemwendea, akampa koleo atupe udongo. Niliwaangalia kama watu nisiowajua.

Kesi haikufika kusikilizwa. Serikali iliruhusu biashara huria, sabuni kama zile zikapangwa mezani sokoni Mwigobero mchana kweupe, na mashtaka yakaondolewa. Mume wangu akarudi kumshonea baba suruali. Mimi nilikaa karibu mwaka mzima nikimwamkia bila kumtazama usoni. Hakukuwa na siku ya kusameheana. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, baba alikuja kumwona, nikampa ampakate.