Shingo Isiyochosha Mkono

Mume wangu wanamwita Nguzo, na si kwa sababu ni mrefu. Akiwa jukwaani hasogei. Waimbaji watacheza, wapiga tarumbeta watayumba, mpiga kinanda atakonyeza wasichana wa watu, yeye yuko pale pale nyuma na gitaa lake la besi, macho yamefumba nusu, kama mtu anayesubiri kuitwa dirishani apewe karatasi zake. Picha zote za harusi nilizowahi kuona za bendi ile zimemkata bega. Lakini asipokuja siku moja, utaona kama kuna mtu atainuka kitini kucheza.

Mchana anakata vioo. Tunafanya kazi chumba kimoja, yeye upande wa mlangoni na meza yake ya vioo, mimi upande wa dirishani na cherehani yangu, na katikati tumetundika pazia ili vumbi la vioo lisiingie kwenye vitambaa vya watu. Pazia lina tundu. Nalijua tundu hilo vizuri, maana ndilo ninalomchungulia nikitaka kujua ameamkaje, kwa kuwa kumuuliza ni kupoteza muda. Atakwambia yuko sawa hata kama nyumba inaungua.

Bendi waliianza yeye na kaka yake. Kaka alipiga dramu. Miaka yote ile Nguzo alisimama upande mmoja tu, mkono wa kushoto wa kaka yake, karibu kabisa na ile ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu, hata suruali yake ilikuwa ikitikisika kila mguu unaposhuka. Walikuwa hawaongei jukwaani. Hata nyumbani walikuwa hawaongei sana. Shemeji alikuwa akija, wanakaa sebuleni kama wagonjwa wawili kwenye benchi, halafu anaaga na kusema wamezungumza vizuri.

Alikufa ghafla, asubuhi, akifunga kamba za viatu.

Nguzo hakulia. Siku ya mazishi alipanga viti, akahangaika kutafuta waya mrefu wa kipaza sauti, akabishana na mwenye gari la mchanga. Watu wakamsifu. Huyo ndiye mwanamume, walisema, anakufa na tai shingoni. Mimi nilikasirika, na hasira hiyo haijaisha mpaka leo, kwa sababu waliosifu walirudi makwao na mimi ndiye niliyebaki na hiyo tai. Miezi ikapita. Alikula alichopewa, alivaa kilichokuwa juu kabatini. Siku moja nikampa chai bila sukari kwa makusudi, nione. Akainywa yote, akasema asante. Niliingia chumbani nikalia mimi badala yake, lakini hilo halikumsaidia yeye wala mimi.

Bendi haiwezi kukaa bila dramu, kwa hiyo walimchukua binti wa marehemu. Si mtoto, ni mwalimu wa hesabu shuleni, mtu na akili zake, na kupiga alifundishwa na baba yake. Siku yake ya kwanza, Nguzo alibeba spika yake ya besi akaihamishia upande wa pili wa jukwaa, kwa mpiga kinanda. Alisema pale alipozoea pana joto. Hakuna aliyemuuliza zaidi.

Baada ya hapo ndipo mkono ulipoanza. Wimbo wa kwanza salama, wa pili salama, wa tatu mkono wa kushoto unakufa ganzi, vidole vinakuwa vya mtu mwingine. Daktari aliubonyeza, akaukunja, akamwambia amminye kidole, akasema haoni kitu. Nguzo akasema ni shingo ya gitaa. Gitaa lenyewe la zamani, shingo yake nene, na yeye si kijana tena. Niliamini. Mtu akisema kiatu kinambana, utamwambia hakimbani?

Kiongozi wa bendi ni yule mpiga kinanda. Jumanne alipita kazini kwetu, akasimama mlangoni kwa adabu akiogopa kukanyaga vioo.

"Nguzo, kaka, usinielewe vibaya," akasema. "Besi naweza kuipiga mwenyewe kwa mkono wa kushoto, kinanda kinayo sauti hiyo. Ijumaa tufanye mazoezi, tuone. Mkono ukigoma tena, Jumamosi upumzike. Upumzike kidogo tu."

Sote watatu tulijua maana ya hicho kidogo. Bendi nyingi zimeshaondoa mpiga besi kwa njia hiyo hiyo, na hakuna hata mmoja aliyeitwa kurudi. Kilichonitisha si maneno ya kiongozi. Kilichonitisha ni Nguzo kusema, "Sawa," akaendelea kupima kioo. Kitu pekee alichobaki nacho, na anakitoa kama anayempa jirani kiberiti.

Nikatoa pini mdomoni. "Ijumaa asubuhi tunaenda dukani," nikasema. "Tunatafuta gitaa lenye shingo nyembamba, na wewe unakuja, hata kama nitakubeba."

Duka la ala za muziki liko ghorofani, ngazi nyembamba, na magitaa yametundikwa ukutani kwa vichwa. Mwenye duka ni mwanamume mnene mwenye miwani iliyopandishwa kipajini, ambayo sikumwona akiishusha hata mara moja.

"Karibuni. Nani anapiga?"

"Mume wangu."

"Na wewe, mama?"

"Mimi nimekuja na hasira tu."

Akacheka, akatuvutia viti. Alikuwa mtu wa maneno mengi lakini ya maana. Alimwambia Nguzo asiangalie rangi, maana watu hupenda rangi, wakifika nyumbani mkono unalia. Alimwambia shingo si unene peke yake. Kuna yenye mgongo wa duara na kuna yenye mgongo bapa, kuna iliyopakwa vanishi ikawa inanata ukitoka jasho, na kuna iliyoachwa mbao tupu. "Na usilipige umekaa," akasema. "Wewe kazini unasimama. Vaa mkanda, lishushe pale unapolishusha siku zote, piga wimbo mzima. Noti mbili hazikwambii kitu. Hata viatu vibaya havikuumi mlangoni mwa duka."

Nikampenda hapo hapo, maana hivyo ndivyo ninavyowaambia wateja wangu: inua mikono, inama, kaa, ndipo useme gauni limekutosha.

La kwanza lilikuwa na shingo nyembamba kabisa. Nguzo akavaa, akapiga. Vidole vilitembea vizuri, mwenye duka akatikisa kichwa kwa furaha, kisha katikati ya wimbo Nguzo akasimama na kukung'uta mkono.

"Hapana."

La pili bapa. Hapana. La tatu mbao tupu, laini, hata mimi nililipapasa nikatamani kulishonea mfuko. Akapiga kwa muda, uso umekauka, kisha akaliondoa begani.

"Hili nalo?" nikauliza.

"Nyembamba mno."

"La kwanza lilikuwa nene?"

"La kwanza lilikuwa linateleza."

"Mzee, unachagua gitaa au unatafuta mke wa pili?"

Mwenye duka alicheka mpaka miwani ikatikisika. Nguzo hakucheka, wala hakuudhika, na mimi ningelipa chochote aniudhikie. Ndipo nikaacha kuangalia magitaa, nikaangalia mkono. Dole gumba lake, lile linalokaa nyuma ya shingo, kucha yake ilikuwa nyeupe. Alikuwa analiminya gitaa kwa nguvu zote.

"Unalikaba," nikamwambia.

"Silikabi."

"Unalikaba kama limekuibia. Mkono huo huo kazini unashikilia rula juu ya kioo kutwa nzima, na ukiminya kioo kinapasuka. Umepasua vingapi mwaka huu?"

"Hata kimoja."

"Basi?"

"Kioo si gitaa," akasema.

Mwenye duka akashusha la nne, gumu, zee, shingo nene kuliko hata ya lile la nyumbani. Alisema hamuuzii, anataka tu mkono wake ukumbuke unene ni nini, kisha warudi kwenye nyembamba. Nguzo akalivaa bila neno. Alipoanza kupiga, huko nyuma ya duka, nyuma ya mlango wa pazia, mtu akaanza kukanyaga ngoma ya mguu. Du. Du. Du. Polepole, bila ngoma nyingine yoyote, kama mtu anayejaribu kitu alichotengeneza.

Nguzo akaingia na besi juu ya mdundo ule. Sijui niseme vipi kwa mtu asiyemjua. Bega lilishuka. Akapiga wimbo wa kwanza, akaunganisha wa pili, akaunganisha na wa tatu, kwenye ile shingo ya kutisha, na kucha ya dole gumba ikarudi rangi yake.

"Haya sasa, mambo si ndiyo hayo!" mwenye duka akasema. "Mkono wako unataka nene! Wengine wako hivyo!"

Ngoma ikanyamaza. Nguzo akaendelea peke yake, na papo hapo nikaona kucha ikigeuka nyeupe. Mkono ukakwama. Akasimama akiangalia lile pazia. Kisha akaenda, akalifunua.

Kulikuwa na mtu mzima aliyevaa ovaroli, ameshika kikopo cha grisi, amekaa mbele ya ngoma moja tupu. "Samahani, nawasumbua?" akauliza. "Najaribu hii pedali ya mguu."

"Hapana," Nguzo akasema. "Endelea tu, ndugu."

Yule mtu akaendelea. Nguzo alisimama pale na gitaa begani bila kupiga, na mimi nikamfuata nyuma kwa sababu nilidhani anaumwa.

"Mimi huwa siusikii mguu," akaniambia.

"Mguu gani?"

"Wa mtoto wa kaka. Tangu aanze sijawahi kuusikia. Nilihama." Alisema kama anayemwelekeza mtu njia. "Sikutaka kuona amekaa pale. Sasa napiga sina pa kuegemea, ndiyo maana naminya."

Mwenye duka aliuliza kama basi tunachukua lile. Nguzo akamrudishia kwa mikono miwili, akamwambia atarudi. Mwenye duka akajibu kwamba wote husema hivyo.

Mazoezi yalikuwa jioni ile ile, kwenye ukumbi ambao viti vyake hupangwa kimoja juu ya kingine mpaka karibu na dari. Nilikwenda naye, maana nilikuwa na mashati mapya ya bendi ya kupeleka. Nguzo aliingia na gitaa lake la zamani, hakusalimia mtu, akainama, akaikumbatia spika yake na kuivuta jukwaa zima mpaka kwenye ngoma. Ilikwaruza sakafu vibaya.

"Pale si ulisema pana joto?" kiongozi akauliza.

"Pana joto," Nguzo akajibu, akachomeka waya.

Binti wa kaka yake alimtazama, akaketi sawasawa. Wakaanza. Wimbo wa kwanza, wa pili. Mimi sikuangalia kitu kingine ila dole gumba, na dole gumba lilikuwa salama. Wa tatu ukaanza, nikashusha pumzi, na hapo ndipo mambo yakaharibika. Besi ikawa inakanyagana na ngoma. Ngoma inafika, besi inafika baada yake, kama watu wawili wanaogongana mlangoni. Mkono wake ulikuwa mzima kabisa. Alikuwa anamsubiri mtu mwingine. Kiongozi akaanza kuijaza besi kwa mkono wake wa kushoto, taratibu, bila kumwangalia.

Binti akaacha kupiga. Akaweka vijiti mapajani.

"Baba mdogo," akasema, "najua nawahi. Baba alikuwa anachelewesha mguu kidogo. Najaribu kila siku nyumbani, nakanyaga mto ili majirani wasilalamike, lakini nashindwa. Mguu wangu haukubali. Ukitaka kurudi kule kwa kinanda, rudi tu. Mimi sitachukia."

Waimbaji waliangalia viatu vyao. Nguzo alisimama pale akimtazama yule binti kwenye kile kiti, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumtazama akiwa amekikalia.

"Baba yako hayupo," akasema.

Tangu mazishi sikuwahi kulisikia neno hilo mdomoni mwake.

"Hayupo, mwanangu," akarudia. "Usichelewe. Piga unavyopiga wewe. Nitakuja mimi."

Binti akaokota vijiti, akahesabu, wakaanza upya. Alipiga anavyopiga yeye, mapema, mguu mkali, na Nguzo akamfuata, akamkosa, akamfuata tena, mpaka wakawa pamoja. Machozi yakaanza kumshuka. Mikono yote miwili ilikuwa kazini, hakuwa na wa kuyafutia, yakaingia mdomoni na kwenye ndevu. Niliinuka na shati mkononi nikamfute, halafu nikakaa. Nikamwacha alie.

Mpiga kinanda aliuangalia mkono wake wa kushoto. Akauondoa kwenye kinanda, akauweka mapajani, na wimbo ule akaumaliza kwa mkono mmoja.