Kikombe cha Shemeji na Lori la Shamba

Shemeji yangu, mjane wa marehemu kaka yangu, hutembea na kikombe chake. Ni kikombe cha bati chenye maua ya buluu yaliyobanduka, na hukibeba kikapuni, kimefungwa kwa kitambaa, awe anakwenda kanisani, msibani au harusini. Akikaribishwa chai hukitoa, mwenye nyumba akammiminia, akanywa, kisha hukisuuza mwenyewe na kumwaga maji mbali na miguu ya watu. Wajukuu hudhani ni usafi wa kizee. Sisi tuliozaliwa Kansay zamani tunajua.

Kwetu sisi Wairaqw, mwanamke aliyefiwa na mume alitengwa kwa muda. Tunaita metimani. Hakuomba moto kwa jirani, hakushika chombo cha mwingine, hakukaa penye watu wengi, mpaka wazee walipomfungulia. Walisema kifo humng'ang'ania mtu kama vumbi jekundu linavyong'ang'ania shuka, na lisipokung'utwa vizuri litahamia kwa mwenzake. Kanisa lilitufundisha vingine, nasi tulipokea. Lakini mtu anaweza kupokea jambo kwa moyo wote na bado asithubutu kunywa kwenye kikombe cha mjane.

Kaka alikufa kwa homa, akaacha watoto wawili wa kike na ghala tupu. Ndugu walileta walichoweza, na kilikuwa kidogo, maana mvua ilikuwa imetukataa sote. Siku moja asubuhi, kabla wazee hawajamfungulia, shemeji aliwaacha watoto kwa mama yake akateremka barabarani, mahali ambapo lori la shamba la walowezi lilichukua wachuma kahawa. Jioni mchumaji alipewa unga. Alipanda, akajibanza kwenye kona, akajaribu asimguse mtu. Kwenye mteremko wa kwenda mtoni lori lilianza kukimbia, likakataa kusimama, likapinduka korongoni. Walikufa majirani zetu, mmoja wao akiwa mjamzito. Shemeji alirushwa kwenye kichaka akatoka bila hata mkwaruzo.

Mke wangu husema angevunjika mkono mmoja tu, labda wangemsamehe.

Wazee walimfungulia baadaye kwa kondoo na kwa maneno yote yanayostahili, na padri alimwombea. Hofu yenyewe haikufunguliwa. Hakuna aliyemfukuza wala kumtukana. Watu walisogea tu kidogo kwenye benchi. Binti zake walikua, wakawa warembo na wachapakazi, na hakuna aliyekuja kuwaposa. Wote wawili walikwenda Arusha. Mmoja amezikwa huko. Mwingine hupiga simu siku ya Krismasi.

Nilikuwa katekista kwa miaka mingi, na kwa miaka hiyo yote nilijaribu kumtua mzigo huo. Nilimkumbusha habari za mnara ule wa kwenye Injili, ulioanguka ukaua watu, na jinsi Bwana alivyokataa kusema kwamba waliokufa walikuwa wakosefu kuliko wengine. Alisikiliza kwa adabu, akasema, "Shemeji, mnara ule ulikuwa na fundi. Pengine alijenga vibaya. Mimi sina fundi wa kumsingizia."

Nilimshukuru Mungu kwa kila siku aliyoamka akaenda kulima, maana wengine wangejinyonga.

Sasa shamba lile ni hoteli ya watalii. Wamiliki wapya wamekusanya mitambo yote ya zamani wakaipanga nje kwenye nyasi, kati ya mibuni iliyobaki na miti ya jakaranda, watu waje kuitazama. Mwaka huu walialika wazee wa parokia yetu ya Ganako, bure. Tangazo liliposomwa baada ya misa, mtu mmoja alisema kwamba hata lile lori lipo, limeokotwa korongoni, limenyooshwa na kupakwa rangi.

Shemeji alinishika mkono mlangoni. "Nataka kuliona."

"La nini?"

"Nataka kuliuliza."

Tulikwenda. Binti aliyetutembeza alikuwa mtoto wa hapahapa Karatu, amevaa sare ya kaki na kofia pana. "Shikamoo babu, shikamoo bibi. Karibuni sana, jisikieni nyumbani." Alitupitisha kwenye mashine ya kumenya kahawa, kwenye mashine ya kupura ngano iliyo ndefu kama nyumba, kwenye mkokoteni wa maksai, na gari dogo la wazi lililokuwa likiteremsha wageni wa kwanza kwenye kreta ya wanyama. Kila kitu kilikuwa kimepakwa rangi na mafuta, kinang'aa. Nilipita kati ya vyuma hivyo kama mtu anayepita makaburini akakuta marehemu wote wamevishwa suti. Mashine ile ya ngano nilikuwa naijua. Ilimla mjomba wangu vidole.

Shemeji alisimama mbele ya trekta la magurudumu ya chuma. "Tazama linavyotunzwa," alimwambia yule binti. "Mimi nalo tuko rika moja, na hakuna aliyewahi kunipaka rangi."

"Bibi, wewe hata bila rangi unang'aa!"

"Mwongo wewe. Ndiyo maana wakakupa kazi ya kusema na wazungu."

Binti alicheka sana, nami nikacheka. Halafu tulizunguka mti, na lori likawa mbele yetu.

Lilikuwa jekundu. Sikulikumbuka kuwa jekundu. Watalii walikuwa wakipiga selfi kwenye ngazi yake. Shemeji alikumbatia kikapu.

"Hili sasa ndilo maarufu," binti alisema, na sauti yake ikachangamka, maana hapa ndipo wageni hufurahi. "Wafanyakazi wa zamani walikuwa wanaliita Tumwachie Mungu. Mnajua kwa nini? Halikuwa na breki! Dereva analizuia kwa gia, na utingo anaruka chini na jiwe la kuzuia tairi. Kila siku watu wanapanda hivyohivyo!"

Watalii wawili aliowatafsiria walicheka.

Shemeji akasema, "Rudia."

Binti alidhani hasikii vizuri, akarudia kwa sauti kubwa, akiwa bado anatabasamu. Halikuwa na breki.

"Nani amekuambia?"

"Fundi, bibi. Mzee aliyelifufua ndiye alikuwa fundi wa shamba enzi hizo. Anasema breki zilikufa mapema ule msimu. Wakamwambia tajiri, akasema kahawa haingoji, tumalize kuvuna kwanza. Ndipo likaja kuanguka."

"Huyo fundi yuko wapi?"

"Alifariki wakati wa mvua za vuli, bibi. Alikuwa mzee sana."

"Dereva alijua?"

"Alijua."

"Tajiri alijua."

"Ndiyo, bibi." Sasa tabasamu lilikuwa limekwisha. Alinitazama mimi, kisha akamtazama tena yeye, na nadhani alianza kuelewa.

"Na wachuma kahawa, nani aliwaambia?"

Binti alivua ile kofia pana.

Shemeji alisogea, akaweka kiganja chake juu ya bati la lori, pale ubavuni, chini ya ubao wa kukalia. Nilitegemea atalia, au atamsifu Mungu. Nilikuwa tayari kuimba naye. Alisema tu, kwa Kiiraqw, taratibu, majina ya waliokufa, na baada yao akataja ya binti zake wawili. Kisha akaondoa mkono na kuufuta kwenye kanga.

"Binti zangu wangeolewa, shemeji," alisema.

Nilisema, "Ndiyo."

Nimezika watu wengi, na najua saa ambayo katekista anapaswa kufunga mdomo.

Chai ilikuwa imeandaliwa kwenye veranda, vikombe vyeupe vya udongo vimepangwa juu ya vitambaa. Tulikaa. Yule binti alituhudumia mwenyewe, akamwekea shemeji kikombe cheupe mbele yake. Shemeji alikitazama. Mkono wake ukaingia kikapuni, ukafungua kitambaa, ukatoa kile cha bati.

"Shemeji," nikamwambia, "umesikia mwenyewe. Zilikuwa breki."

"Nimesikia."

"Basi kunywa cha hapa."

"Masikio yamesikia. Mkono bado." Alimiminiwa, akanywa mara moja, akakiweka.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilinyoosha mkono nikakichukua kikombe kile. Alinidaka kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. "Usinywe! Wewe ni mzee. Usinywe, nakuomba, kwa jina la kaka yako."

Nilikunywa chote. Kilikuwa na ladha ya tangawizi na kutu. Wenzetu wa parokia waliokuwa kwenye veranda, wale wa umri wetu, waliweka vikombe vyao chini, na mmoja akafanya ishara ya msalaba. Shemeji aliniachia mkono. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeona mtoto akitembea ukingoni mwa korongo.

Hayo yalikuwa kabla ya masika. Tangu siku ile huja langoni kwangu kila asubuhi, kwani nyumba yake haiko mbali na yetu. Haingii. Husimama nje ya ua na kuita, "Shemeji, umeamka?"

"Nimeamka."

"Umeamka mzima?"

"Mzima kabisa."

Ndipo huenda shambani. Kikombe bado kimo kikapuni. Lakini Jumapili iliyopita, mke wangu alipompa chai kwenye kikombe cha nyumbani, alikishika kwa mikono miwili, akakaa nacho mpaka chai ikapoa, kisha akanywa nusu. Mke wangu alikwenda jikoni kulia.

Sasa mvua imetukalia, na kifua changu kimeshikwa na kikohozi kisichotaka kuondoka. Daktari wa Karatu amesema ni uzee na moyo, na kwa namna alivyokunja kile chombo chake cha kusikilizia nilielewa yaliyobaki. Simlalamikii Mungu. Amenipa miaka mingi na mke mwema. Lakini nikimsikia shemeji akikaribia lango, mimi huvuta pumzi, hubana kikohozi mpaka machozi yanitoke, na kuitika kwa sauti ya mtu mwenye afya.

Maisha yangu yote nimeomba nichukuliwe wakati wowote apendao Yeye. Siku hizi nina ombi jingine, dogo, na ninalisema kila jioni bila aibu: nisitangulie. Shemeji atangulie. Asije asubuhi moja akaita langoni, na kukosa wa kumwitikia.