Pengo Kwenye Uzio wa Maua ya Karatasi

Julai iliyopita nilikwenda Dodoma kwenye harusi ya mtoto wa binamu yangu, kule Nkuhungu, nikamkuta kijana anafunga maua ya plastiki kwenye gari la bibi harusi. Nikamuuliza kwa nini asitafute maua ya kweli. "Mama, na ukavu huu na baridi hii, maua ya kweli utayatoa wapi?" akasema, akaendelea na utepe wake. Nilihisi uso unawaka moto. Aibu iliyonishika pale ilikuwa na umri mkubwa kuliko yule kijana, na yeye masikini hakuwa na habari. Ngoja nikusimulie. Ukinicheka, nimestahili.

Kama hujawahi kuishi Dodoma utadhani ni joto mwaka mzima. Njoo kipupwe. Upepo unaanza alfajiri, mkavu, umebeba vumbi jekundu, midomo inapasuka na miguu inapauka kama umekanyaga unga. Mashamba yameshavunwa, majani yamekauka, mbuzi wanazurura mtaani wakitafuna maboksi. Na katikati ya ukavu huo, nilipokuwa mtoto, uzio wa nyumba yetu ulikuwa unachanua. Ilikuwa miti ya maua ya karatasi, ile yenye miiba, yenye rangi ya zambarau iliyoiva, mirefu kuliko mtu mzima. Jirani akimwelekeza mgeni kwake alisema tu, ukifika penye maua, kata kulia.

Siri ya maua hayo ilikuwa mama. Maji tulipanga foleni bombani, kwa hiyo kwetu hakuna tone lililomwagwa hovyo. Tulioga tukiwa tumesimama ndani ya beseni, tunatetemeka, kisha maji yale yanabebwa mpaka kwenye uzio. Ya kuoshea vyombo hivyo hivyo. Ya kufulia hivyo hivyo. Mpaka leo nikisikia harufu ya sabuni ya mche naona maua.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Sabuni ilikuwa imerudi madukani, mitumba imejaa soko la Majengo mpaka barabarani, na kila mtu anasema mambo yamefunguka. Lakini shirika alilofanyia kazi baba lilipunguza watu, na baba akawa mmoja wao. Sisi watoto hatukuambiwa kwa maneno. Tuliona tu kwamba baba anatoka asubuhi na mkoba wake kama kawaida, anasalimia mtaa mzima, anakunja kona, kisha anarudi kwa kichochoro cha nyuma na kuingia uani. Mkoba anauning'iniza msumarini. Anakunja mikono ya shati, anakaa kwenye kigoda nyuma ya uzio, na anaanza kubangua karanga.

Zilikuwa karanga za wafanyabiashara wa Majengo. Mama alikwenda kuchukua magunia kwao, na mtaa uliamini anabangua mama. Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake na watoto, na baba alikuwa mtu wa meza na simu. Alizibangua kimya, vidole gumba vikamvimba, na jioni alinawa, akavaa koti, akatoka tena kwa kichochoro ili arudi kwa mlango wa mbele akitokea "kazini". Maganda mama aliyamwaga kwenye mizizi ya uzio. Sijui kama ni maganda au ni mwaka tu, lakini kipupwe kile maua yalijaa kuliko mwaka wowote. Kutoka barabarani hukuona ndani hata kidogo. Nilipenda hivyo. Nilikuwa na miaka kumi, na kitu kimoja tu kilininyima usingizi: siku watakayomwona.

Sasa, kipupwe ndio msimu wa harusi, watu wana mavuno, na kwetu kumnyima mtu maua ya harusi ilikuwa kama kuiombea ndoa ile mabaya. Jumamosi moja wakaja wanawake watatu wakiongozwa na jirani yetu, mama mmoja wa Kigogo, mcheshi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, panga mkononi.

"Mbukwenyi!" akatusalimu kwa Kigogo. "Dada, binti yetu anaolewa leo jioni na mji mzima hauna jani bichi. Tumekuja kwako."

"Karibuni," mama akasema. "Kateni huku mbele tu. Huku pembeni kuna nyuki."

"Nyuki na baridi hii? Si wamejifunika blanketi!" Wakacheka, na jirani akaivamia miti ile ile ya pembeni, maana ndiyo iliyojaa zaidi. Nilikuwa nimesimama na ndoo tupu. Mama alinitazama, nikamtazama. Panga likashuka mara mbili tatu, tawi kubwa likaanguka, na hapo palipofunguka alikuwepo baba. Shati lake la kazini, ungo mapajani, maganda mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Shemeji!" jirani akasema, halafu kwa haraka ya mtu mwenye utu akaongeza, "Kumbe uko likizo."

Alikuwa amempa mlango wa kutokea. Angeitikia tu, tungepona. Baba akaweka ungo chini, akasimama, akakung'uta suruali.

"Siko likizo, shemeji. Nimepunguzwa kazi tangu masika. Nabangua karanga." Akanyoosha mkono. "Lete hilo panga, tawi hilo lina miiba mibaya."

Akawakatia mwenyewe, akachagua yaliyochanua vizuri, akawafungia mizigo. Jirani alipoondoka alichota karanga kiganjani, akaenda anatafuna, na kuanzia wiki ile alikuja na kigoda chake mara kwa mara, wanabangua wote na kusengenya bei ya sukari. Baba hakuushika tena ule mkoba. Nilimsikia akicheka mchana, kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu masika.

Ungedhani nami nilifurahi. Shuleni waliniita Binti Karanga, na kila mtu aliyepita barabarani aliweza kumsalimia baba kupitia lile pengo. Naye aliitikia! Basi nikaanza kazi yangu. Maji yangu ya kuoga, ya mdogo wangu, hata ya kunywa niliyoiba mtungini, yote nikayapeleka pale kwenye pengo tu, ili pazibe. Machipukizi yakaja, mekundu, laini. Asubuhi nyingine nakuta yamekatwa. Namwagilia tena. Yanakatwa tena. Nikawalaumu mbuzi.

Jioni moja nimeinama na beseni, nikasikia mkasi. Baba alikuwa upande wa pili wa uzio, amechuchumaa, anapunguza machipukizi yangu. Tukatazamana kupitia pengo. Hakuonekana kukasirika. Alitazama beseni, akanitazama mimi, na nikajua kwamba alijua tangu siku ya kwanza nilichokuwa nataka kukificha.

"Mama," akaniita, kama alivyoniita siku zote akiwa mpole, "maji hayo peleka kwenye mchicha."

Sikuomba radhi. Nilikwenda kwenye tuta la mchicha uani nikilia, na hatukulizungumza tena mpaka anaingia kaburini.

Baada ya harusi ya Nkuhungu nilipita mtaani kwetu. Penye uzio wetu sasa pana ukuta wa matofali na geti la chuma, na kwa majirani wote vilevile. Hakuna wa kuombwa maua wala wa kusalimiwa akiwa kazini. Ningewasema, lakini mimi ninakoishi nimejenga ukuta mrefu kuliko wao. Ndani yake nimepanda mti mmoja wa maua ya karatasi. Kila kipupwe unachanua vizuri sana, na hakuna mtu anayeuona, na kila nikiumwagilia namsikia baba ananiambia niyapeleke maji kwenye mchicha.