Klachi ya Mkono

Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja asubuhi na mkokoteni, akalizunguka gari la jipu lililokuwa uani huku akiligongagonga kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji. Magurudumu mawili yalikuwa yameisha upepo, na kuku wa jirani alikuwa anaatamia kwenye kiti cha nyuma.

"Nani kakwambia linauzwa?" Mama Pacha akamwuliza. Alikuwa amesimama mlangoni, tepu ya kupimia shingoni na pini mbili mdomoni.

"Mdogo wa mwenye gari."

"Basi mwambie auze la kwake, akilipata."

Yule bwana akacheka, akageuza mkokoteni wake. Mama Pacha akarudi ndani kwenye cherehani. Mume wake alikuwa amekaa kitandani, karibu na dirisha linalotazama uani. Alikuwa amesikia kila neno.

Baba Pacha alikuwa dereva wa kwenda juu mlimani, kwenye vijiji ambako barabara ni mawe na mifereji. Alipeleka mbegu, saruji, wagonjwa na maharusi, akashuka na magunia ya viazi. Watu waliliita gari lake Jipu, na kila mwenye ulimi mwepesi alikuwa na lake la kusema: jipu limeiva, jipu limepasuka, jipu linataka kukamuliwa. Yeye alicheka kuliko wote, maana alijua hakuna gari jingine mtaani linalofika kule. Kisha siku moja, akipakia magogo, moja likaporomoka likamponda mguu wa kushoto. Hospitali wakaukata juu ya goti. Akarudi nyumbani na magongo mawili, na tangu hapo ukimwuliza neno zima alikujibu nusu.

Mama Pacha hakuwa mtu wa kubembeleza. Alilia siku zake, akapangusa uso, kisha akaliangalia jambo lile kama fundi. Mguu wa kulia upo, na ndio unaokanyaga mafuta na breki. Uliokosekana ni wa klachi. Gari zima limelala uani kwa sababu ya pedali moja. Yeye alikuwa ameshabadilisha makoti ya watu wenye bega moja juu na jingine chini, na hakuna aliyetoka kwake amepindapinda. Akaona hili nalo linashoneka.

Akaanza kwa kuliamsha gari lenyewe. Alimfukuza kuku, akapandisha jeki, akavaa suruali ya zamani ya mumewe na kujilaza chini ya jipu na spana. Spana ilikuwa haijamzoea mkononi. Nati ya kwanza aliizungusha mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Unakaza, hufungui," sauti ikatoka dirishani.

"Basi sema inafunguliwaje."

"Upande wa pili. Na imwagie mafuta kwanza, ina kutu hiyo."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema wiki nzima. Kesho yake Baba Pacha akahamia kwenye ngazi ya mlango, apate kuona vizuri. Siku chache baadaye akamwona mkewe anachomeka bomba la maji ya rejeta mahali pasipo pake. Akasonya, akashika magongo, akaja mpaka kwenye boneti kumwonyesha. Mama Pacha alimwambia dada yake baadaye kwamba mahali penyewe alikuwa akipajua vizuri tu.

Tangu hapo wakawa mafundi wawili. Yeye mikono, mumewe macho na masikio, na kelele wote wawili. Walibadilisha mipira ya breki, wakasafisha tangi, wakagombana juu ya plagi asubuhi nzima. Sakafu ya upande wa dereva ilikuwa imeliwa na kutu mpaka unaona ardhi. Mama Pacha alitandika karatasi juu ya lile tundu, akaikata kama anavyokata gauni, akaipeleka kwa fundi wa kuchomelea pale njia panda.

"Hii ya nani, ya mtu mnene?" fundi akatania.

"Ya gari. Usipunguze kiunoni."

Bati likakatwa kwa kufuata karatasi, likakaa bila kugongwa nyundo.

Ikabaki klachi. Jaribio la kwanza lilikuwa bomba la maji lililofungwa kwenye pedali na kusimama wima kando ya gia, ili dereva alisukume kwa mkono wa kushoto. Baba Pacha alipanda, akawasha. Injini ikakohoa, ikashika, na wote wawili wakatabasamu bila kutazamana. Akasukuma bomba. Lakini gia nayo ilitaka mkono uleule. Alipoliachia bomba asukume gia, klachi ikarudi, gia ikaingia kwa kishindo, jipu likaruka kama mbuzi, likang'oa kamba ya nguo ya jirani na kuzimika, kioo cha mbele kimefunikwa shuka.

Baba Pacha akakaa mle ndani, mikono mapajani.

"Sasa umeona," akasema.

"Nimeona shuka la jirani. Jingine sijaona."

Mdogo wake Baba Pacha alikuja jioni ile. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyembeba kaka yake mgongoni siku ya ajali, na tangu siku ile hakuweza kulitazama lile gari.

"Shemeji, nakuheshimu," akasema. "Hapa uani kamba ya nguo. Kule mlimani ni korongo. Mimi sitaki kumbeba tena."

"Na mimi sitaki ubebe tena," Mama Pacha akajibu. "Ndiyo maana halitoki hapa mpaka litii. Siku likitii, utakuja ulione mwenyewe."

Akanyanyuka akaenda kumalizia sare za shule alizoahidi. Akaingiza kitambaa kwenye cherehani. Ukitaka kuingiza kitambaa, unanyanyua kijiti cha nyuma. Kile kiguu cha chuma kinachobana kitambaa kinapanda na kubaki juu, mikono yako yote huru, mpaka wewe mwenyewe ukishushe. Alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote bila kufikiri. Sasa akakinyanyua, akakishusha, akakinyanyua tena. Tatizo lao halikuwa nguvu. Klachi ilihitaji kitu cha kuikamata ibaki chini, dereva akashughulike na gia, kisha arudi kuiachia polepole.

"Baba Pacha," akaita. "Breki ya mkono si ukiivuta inabaki palepale?"

"Inabaki. Ina meno."

"Na ukibonyeza kitufe?"

"Inarudi, kadiri unavyotaka—" Baba Pacha akakatisha. Akasikika akitafuta magongo yake.

Breki ya mkono waliipata gereji, kwenye gari lililogongwa. Fundi wa kuchomelea akaipachika sakafuni upande wa kushoto wa kiti. Waya ukapita chini, ukazunguka kapi dogo, kigurudumu cha kupitishia waya, ukaivuta pedali. Ilikuwa nzito mno mwanzoni. Wakarefusha mpini kwa kipande cha bomba, na Mama Pacha akauvisha ngozi aliyoishona kwa mkono. Baba Pacha akavuta. Kra kra kra, pedali ikashuka, ikatulia. Akaweka gia. Akabonyeza, akashusha taratibu, na jipu likatembea mbele kistaarabu kama bibi harusi.

Wakazunguka uani mpaka jirani akaomba wapumzike. Kisha uwanjani, kisha barabara ya udongo. Mkaguzi wa magari aliwajaribu kwenye kilima kidogo, akawasimamisha na kuwaondoa mara kadhaa, akapiga magoti kuangalia lile kapi, akauliza nani kalifunga. Alipojibiwa, akaangalia kucha nyeusi za Mama Pacha, akawapa ruhusa.

Siku ya kupanda juu, shemeji wa Mama Pacha, yule mdogo wa mumewe, alikuja mwenyewe, akakaa nyuma bila kuambiwa. Walikwenda vizuri mpaka kwenye mawe makubwa. Hapo jipu lilirushwa, waya ukachomoka kwenye kapi. Baba Pacha akakanyaga breki, injini ikazimika, na gari likabaki limening'inia kwenye mteremko.

"Hakuna atakayebebwa," Mama Pacha akasema, akashuka. "Shemeji, mawe nyuma ya magurudumu."

Shemeji akayapanga. Mama Pacha akajipenyeza chini ya usukani, kichwa pale ambapo ungekuwa mguu wa mumewe, akaurudisha waya, akapinda kipande cha chuma kwa koleo kiwe ukingo, usitoke tena. Akavuta mpini kwa mkono wake. Ukashika.

"Msiyatoe mawe mpaka nisonge," Baba Pacha akasema. Sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya mtu anayepanga safari. Akawasha, akaweka gia ya kwanza, akaachia klachi meno kwa meno. Jipu likajikaza, likayaacha mawe nyuma yake, likapanda. Mama Pacha na shemeji walilikimbilia wakadandia, shemeji akicheka peke yake.

Kule juu wanawake wa viazi walisikia mngurumo kabla ya kuliona. Jipu lilipofika, magunia yalikuwa yameshaburutwa hadi kando ya njia. Mmoja akachungulia ndani, akaona mguu mmoja na mpini wenye ngozi.

"Dereva, unatushusha kweli wewe?"

"Pandeni," Baba Pacha akasema. "Fundi wangu nimekuja naye."

Mama Pacha alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma, anawaonyesha gunia zito likae wapi.