Siku Niliyompokonya Mume Wangu Miraa ya Posa

Nikipita sokoni Maua siku hizi natembea nikiangalia viatu vyangu, kwa sababu hakuna mama muuza ndizi asiyejua kwamba mimi ndiye yule mwalimu wa kutoka Runyenjes, Embu, aliyetaka kuvunja posa ya watu, na nikiwaambia bado nina hasira msinishangae, mngekuwa mimi mngekuwa mmeshapigana na mtu.

Sikilizeni basi. Mimi na Koome, mume wangu, tumetafuta mtoto kwa miaka, na miaka hiyo yote mwenye kosa nilikuwa mimi. Mama mkwe alisema tumbo langu lina baridi (sijui aliliwekea kipimajoto saa ngapi), akanipeleka kuombewa, akaniletea mizizi michungu nikainywa. Tukaenda kliniki Meru mjini, tukajaribu kupandikiza mara mbili, mara zote mbili mimba ikakataa kushika, na mwenye kudungwa sindano ni mimi, mwenye kulaumiwa ni mimi. Koome alikuwa amepimwa mara moja tu, akaambiwa mbegu zake ni nyingi na zinaogelea vizuri, na tangu siku hiyo akawa anatembea kifua mbele kama aliyefaulu mtihani.

Halafu tukampata daktari mpya, mama mmoja mpole, akauliza kama kuna aliyewahi kupima DNA ya hizo mbegu. Hakuna. Majibu yalipotoka akatueleza polepole kwamba mbegu ni nyingi kweli, zina mbio kweli, lakini ndani yake yale maelekezo ya kumjenga mtoto yamekatikakatika, kwa hiyo yai linarutubika, linakua siku chache, linasimama hapo. Akasema inaweza kuwa sigara, inaweza kuwa miraa na kukesha, inaweza kuwa mwili wenyewe tu, hawezi kuapa ni ipi, ila Koome aache zote kwa miezi mitatu kabla hatujajaribu tena, maana mbegu mpya huchukua karibu muda huo kukomaa. Kisha akanigeukia mimi. "Mayai yako yanapungua, mama. Hii nafasi msiichezee."

Tulipotoka nje Koome akanishika mkono. "Usiambie mtu, tafadhali. Mum akijua nitaonekana si mwanaume." Nikakubali (mjinga mimi).

Sasa shemeji yangu Mwenda akapata mchumba huko juu Igembe, na kwa kuwa baba mkwe alishafariki, Koome ndiye aliyepaswa kuongoza posa. Na posa ya huko haiendi bila miraa. Kitita kinafungwa vizuri kwa majani ya mgomba, kinapelekwa kwa baba wa msichana, na kule kwao anayeongoza wageni anatafuna pamoja naye mbele ya watu wote, ndipo maneno yanakubalika. Mimi nikaona nimpunguzie mume wangu mtihani, nikamnong'oneza mama mkwe asubuhi ile kwamba Koome asilazimishwe kutafuna, ana alsa, vidonda vya tumbo.

Neno moja tu! Tulipofika, mama mkwe, aliyetangulia, alikuwa ameshalitangaza kwa hema zima. Shangazi yao akasema kwa sauti, "Alsa inaletwa na chakula ya bibi. Hawa watu wa Embu si wanapikanga na pilipili mingi?" (Nilipika pilipili lini?) Na mama mkwe naye, "Mtoto hajanipea, sasa ata tumbo ya kijana yangu anamaliza." Watu wakacheka. Nikamwangalia Koome ili aseme kitu, chochote, hata akohoe. Akacheka nao. Ile hasira iliyonipanda hapo, mpaka leo haijashuka yote.

Kitita kikafunguliwa. Baba wa msichana akachukua vijiti vyake, akaona Koome amekunja mikono. "Baite, hii alsa ni ya kweli ama munatudharau? Unataka msichana yangu na hutaki kuguza miraa umeleta mwenyewe?"

"Imepoa, mzee," Koome akasema, akamenya kijiti, akatia mdomoni.

Wiki tatu tu zilikuwa zimebaki ile miezi mitatu iishe. Sikumbuki nilivyoinuka, nakumbuka tu nimeruka chupa ya chai, nimemnyang'anya kijiti, nimebeba na kitita chote kifuani, nafoka kama ninayemfokea mwanafunzi, "Tema! Tema saa hii!"

Kisha msemaji wao, mzee mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, akatangaza kwamba mke wa kaka mkubwa amekichukua tena kitita, maana yake hawa watu hawamtaki msichana wetu tena. Msichana akakimbilia jikoni akilia. Wazee wakaanza kutafuta bakora zao waondoke. "Shem, umenimaliza!" Mwenda akalia.

Ikabidi nieleze. Kimeru changu ni cha salamu tu, kwa hiyo nikasema kwa Kiswahili, na yule msemaji akawa anawatafsiria wazee sentensi kwa sentensi kama kanisani. Mume wangu hana alsa. Akatafsiri. Tunatafuta mtoto. Akatafsiri. Mbegu zake zimekatika ndani, daktari amemkataza miraa. Hapo akanitazama kwa huruma, akajisafisha koo, akatafsiri kwa sauti kubwa kuliko zote. Nyanya mmoja nyuma akauliza kitu. "Anauliza kama zimeharibika zote," msemaji akaniambia. Nami (Mungu anisamehe) nikajibu, si zote, daktari alitaja kiasi.

Wakatutoza mbuzi wa kuosha aibu, wakakipokea kitita tena. Mama mkwe, mnadhani alinipa pole kwa ile mizizi? "Ungenyamaza tu. Mwanamke mzuri anaficha bwana yake."

Jumatatu tukaenda kliniki bila kusemeshana. Daktari akamuuliza Koome kama amejikaza. Mimi nikasema moyoni, leo na ajibu mwenyewe.

Akakuna shingo. "Si sana, daktari. Ijumaa tu na mabeste. Na Jumamosi, kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku ulituambia."

Yaani nilivunjia watu heshima, nikajianika mbele ya koo mbili, nikilinda kitu ambacho mwenyewe alikuwa anakitafuna kila wikendi. Daktari akasema basi, tunaanza miezi mitatu upya, na akaniangalia mimi alipokuwa anasema, kwa sababu mayai yanayopungua si ya Koome.

Nimeapa sitamsingizia tena ugonjwa, wala afya. Mama yake akiniuliza mtoto yuko wapi namwambia muulize kijana yako, amekaa hapo, ana mdomo. Na hii miezi mitatu mimi siihesabu. Ahesabu yeye.